Heche Hakufa Hivyo

Jumamosi, 14 Februari 1953

Padri alifika asubuhi kwa pikipiki yake, akaniletea kalamu, wino na habari ambayo yeye aliiona njema. Kitabu changu kitachapishwa tena. Safari hii kitasomwa katika shule nyingi, si hizi za misheni peke yake. Anataka nikipitie, nisahihishe makosa ya chapa, na kama nguvu zipo niongeze sura moja mwishoni.

"Vijana wanakipenda, Mwalimu," alisema. "Wanauliza Sajini aliishije baada ya vita."

Nilimshukuru. Alipoondoka nilikisukuma kitabu chini ya mto.

Binti yangu Agustina anadhani ugonjwa wangu ni moyo. Miguu imevimba, pumzi inakatika nikigeuka tu kitandani, na dresa wa zahanati hana tena dawa ya kunipa. "Baba, unakufa tangu mwaka juzi," Agustina ananiambia huku akinisugua mgongo. "Majirani wameshaanza kuona aibu kuniuliza hali yako." Namshukuru Mungu kwa kunipa binti asiyejua kubembeleza.

Wino wa Padri nitautumia, lakini si kwa kazi aliyoniletea. Nitaandika humu mpaka mvua za masika ziishe au mimi niishe.

17 Februari

Joto. Ulezi uliopandwa mapema unakauka. Sikufanya kitu.

21 Februari

Nimemaliza kukisoma kitabu. Nimesahihisha mikato. Mikato tu.

Kwa atakayelikuta daftari hili bila kukijua: kitabu kinaitwa *Shujaa wa Daraja*. Ni hadithi ya Sajini Wambura, kijana wa huku kwetu Kemambo aliyekwenda Bama, ng'ambo ya bahari, na askari wa keya, jeshi la Mfalme, akalinda daraja dhidi ya Wajapani, akarudi nyumbani kwa ngoma na vigelegele. Kila mtu hapa anajua kwamba Wambura ni Kisyeri, jirani yangu ng'ambo ya kijito, mwanafunzi wangu wa zamani. Kisyeri hakuwa sajini, na daraja nililitunga mimi. Jina moja tu sikulibadilisha, la Heche, rafiki yake aliyefia kule. Mama yake aliniomba nilitaje ili lisipotee.

Mimi vita sikuviona. Wakati wa vita vya Mjerumani nilikuwa karani wa stoo Mwanza. Mlio wa bunduki ninaoujua ni ule wa bwana nyama alipoua kiboko kwenye mto Mara. Vita vyangu nilivitoa vitabuni, na katika vile vitabu nilivyosomeshwa kuna askari wa aina mbili, jasiri na mwoga. Mwoga hufa mapema, maana mwandishi hajui amfanye nini akiendelea kuishi. Nami nilimweka mmoja. Analia usiku wa kwanza, asubuhi anapigwa risasi. Wambura halii. Katika kitabu kizima hakuna mahali anapoota ndoto.

Na mwishoni, wazee wanapomletea kondoo wa kumtakasa kwa sababu ameua, Wambura anacheka. "Mimi ni askari wa Mfalme na mtoto wa Mungu," anasema. "Mikono yangu ni safi." Watoto wa shule huyakariri maneno hayo wakiwa wamesimama, vifua mbele.

1 Machi, Jumapili

Bhoke alikuja baada ya misa, kama Jumapili zote. Ni mama yake Heche. Ni mjane, na mtoto alikuwa huyo mmoja. Kitabu chake hukifunga kwa khanga kuukuu na hakimpi mtu mwingine akishike. Kusoma hajui.

"Umeamka, Mwalimu?"

"Nimeamka, mama Heche. Mwili ndio haujaamka."

"Utaamka. Nisomee pale."

Pale ni ukurasa wa kifo. Nilimsomea: "Heche alilaza kichwa mapajani mwa Sajini, akatabasamu. Mwambie mama yangu asilie, akasema. Mwambie nimekufa nikitazama upande wa nyumbani. Kisha akafumba macho kama mtoto aliyeshiba."

Midomo yake ilikwenda pamoja na yangu. Anaujua wote kwa moyo. Anachokitaka ni kusikia mtu mwingine akiusema.

"Upande wa nyumbani kutoka Bama ni upi?" aliuliza, kama anavyouliza kila mara.

"Magharibi."

"Ndiyo maana jua likizama naona nafuu."

Nilimwambia kitabu kinachapishwa tena. Alifurahi mpaka akapiga makofi. "Basi mwanangu atasomwa na watu nisiowajua! Mwalimu, Mungu akuweke."

Zamani nilijivunia Jumapili hizi. Nilikuwa nikimwambia Agustina, tazama, kitabu kimoja kimemponya mama mzima.

9 Machi

Mvua imeanza, na radi. Ghati, mke wa Kisyeri, alikuja kuomba makaa, lakini hakuondoka nayo.

"Shikamoo, Mwalimu. Amelala tena na ng'ombe," alisema. "Radi ikianza anaingia chini ya kihenge, anafukua kwa mikono. Tukienda kumtoa anatuonyesha kidole tunyamaze."

"Apunguze pombe."

"Pombe gani, Mwalimu? Yule hanywi. Anashika kibuyu ili watu wamwache. Hao wanywaji wenyewe ndio wanaomwambia, 'Sajini, angalia, Wajapani wamepanda wingu lile!' Anacheka nao, kisha anaondoka kama anakwenda kukojoa, harudi." Aliyatazama makaa yakizimika kwenye kigae. "Nimemzalia watoto. Lakini kuna siku ananitazama kama mgeni anayetaka kuuliza njia."

Kwa miaka yote hii nimewaambia watu kwamba Kisyeri ni mlevi. Nililisema hilo hata mbele ya Padri.

11 Machi

Mvua.

12 Machi

Mvua. Kijito kimefurika. Lori la askari lilipita kwa shida kuelekea Sirari, kwenye fujo za Kenya. Watoto walilikimbilia wakiimba.

19 Machi

Leo Kisyeri amekuja mwenyewe. Hakuingia. Alichuchumaa kizingitini, bega moja ndani, jingine mvuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia, mura, kijana wangu, unalowa."

"Hapa panatosha." "Nasikia kitabu kinarudi."

"Kinarudi."

"Kizuie. Au nitoe mimi, mwache huyo sajini wako peke yake." Aliongea akiitazama mvua. "Watoto wa shule wananifuata njiani. Mmoja analala chini, anajifanya Heche. Mwingine ananiita: 'Sajini, njoo umshike kichwa!' Juzi nilikimbia, Mwalimu. Mtu mzima mwenye ndevu, nikawakimbia watoto wenye sleti za kuandikia begani. Walifurahi sana."

Nilimwambia watoto husahau upesi.

"Uliniambia nitasahau," alisema. "Hukuniambia lini."

Alipoondoka nilijua siwezi kuendelea kulizungukazunguka jambo hili. Naliandika.

Mwaka 1946, wiki ile aliyorudi, Kisyeri alikuja kwangu kabla ya kuingia kwake. Kwetu mtu aliyeua vitani haingii nyumbani hivi hivi. Anakaa nje, halali na mkewe, hashiki mtoto, mpaka wazee wa inchama, baraza la siri la ukoo, wachinje kondoo na kumpaka majani yaliyo tumboni mwa kondoo huyo, na yeye aseme kwa sauti ni nani aliyemuua. Mzee Mseti alikuwa ameshamtenga kondoo. Kisyeri aliogopa, kwa kuwa alijua angetakiwa kusema nini.

Alinieleza. Walikuwa wamejificha kwenye majani marefu kando ya njia, askari wachache, mvua kubwa. Wajapani walikuwa wakipita karibu kiasi cha kusikika wakikohoa. Heche alikuwa amepigwa risasi tumboni. Akaanza kumwita mama yake kwa Kikurya, kama mtoto aliyeko zizini anavyoita jikoni. Koplo alimwonyesha Kisyeri ishara kwa mkono. Kisyeri alimziba Heche mdomo na pua. Wajapani walipomaliza kupita, wote walikuwa hai isipokuwa Heche.

Kisyeri na Heche walitahiriwa siku moja. Anayejua mila zetu anajua kwamba mkono wa mtu haunyanyuki juu ya mwenzake wa tohara, hata kwa ulevi, hata kwa mwanamke.

Nilimwambia nini? Nilimwambia ameokoa wenzake, na huko si kuua. Nilimwambia yeye amebatizwa, kondoo ni ushenzi, akaungame kwa Padri kisha anyamaze, kwa ajili ya mama Heche. Hayo yote yalikuwa na sura ya hekima. Lakini wakati ule kulikuwa na mashindano ya kuandika hadithi, nami nilikuwa nimeshaanza yangu. Nilihitaji askari aliyerudi mzima. Wakati Kisyeri akilia mbele yangu, kichwani nilikuwa nikichagua maneno ambayo Heche angeyasema.

Wenzake waliorudi baadaye, kitabu kilipokwisha kutoka, walikataa kondoo nao, wakisema maneno ya Wambura. Mmoja yuko Kenyamonta, hasemi na mtu. Mwingine aliingia mto Mara na nguo zake, watu wakasema ni mamba.

22 Machi, Jumapili

Bhoke alikuja. Nilimsomea. Mungu anisamehe, nilimsomea vizuri kuliko siku zote.

31 Machi

Padri. Nilimwomba asimamishe kitabu. Alidhani ni unyenyekevu wa wazee.

"Herufi zimeshapangwa, Mwalimu. Na hata zisingepangwa, ubaya wake nini? Watoto wanahitaji mtu wa kumwiga."

"Mtu huyo hakuwepo, Padri."

"Kwenye hadithi hakuna anayekuwepo."

Hilo darasani ningelipa alama zote. Nikamwuliza kama amewahi kumwona Kisyeri wakati wa radi. Akasema atamwombea.

5 Aprili, Pasaka

Sikuweza kwenda kanisani. Niliwasikia wakiimba. Baadaye mvua iliwafunika.

11 Aprili

Lazima niandike.

Leo mchana radi ilipiga mti karibu na zizi la Kisyeri. Binti yao mdogo, Veronika, alikuwa na maumivu ya sikio tangu asubuhi, akalia kwa nguvu. Kisyeri alimnyakua mtoto wakati mama yake anatazama chungu, akaingia naye chini ya kihenge. Kilio kikakatika ghafla. Ghati anasema ule ukimya ndio uliomkimbiza, si kilio. Alimkuta amemlalia mtoto, kiganja kimefunika uso wote, akimnong'oneza kwa Kikurya: tulia, wanapita, tulia, wanapita. Ghati alimpiga kwa mchi mpaka akaachia.

Mtoto yu hai. Mdomo umepasuka, na hajatoa sauti tangu hapo.

Majirani wamemfunga Kisyeri kwa kamba za ng'ombe kwenye nguzo ya zizi. Hakupigana. Aliwanyooshea mikono mwenyewe. Jumbe ametuma mtu bomani Tarime, na askari watakuja Jumatatu ya tarehe 20 kumchukua kwenda hospitali ya wendawazimu, mbali huko bara, safari ya treni. Ninawakumbuka wawili waliopelekwa kutoka huku. Sikumbuki kumwona aliyerudi.

Jioni Mzee Mseti aliingia kwangu bila kubisha hodi. Kwa muda mrefu nimemwita mpagani mkaidi, na yeye ameniita mwanamke wa Wazungu. Aliketi kwenye kigoda.

"Mwaka ule nilileta kondoo," alisema. "Ukamfukuza kondoo wangu kwa kitabu cha sala."

"Ndivyo."

"Damu ya adui haimfanyi mtu hivi. Adui anakuja ndotoni, unamtukana, anaondoka. Hii ni damu ya nyumbani. Na wewe unaijua, maana hujanikatiza, nawe ni mtu wa kukatiza watu."

Nikamwambia. Alisikiliza macho yamefumbwa. Mwishoni alisema, "Basi kondoo achinjwe mbele ya mama wa marehemu, na mama asikie, kisha yeye na Kisyeri wale ini pamoja. Bila yeye kondoo ni nyama tu. Nani atamwambia?"

"Kesho ni Jumapili," nilisema. "Atakuja kwangu."

12 Aprili, Jumapili

Alikuja amelowa, kitabu kikavu ndani ya khanga.

"Watu wana maneno juu ya Kisyeri," alisema akiketi. "Maskini. Yule aliyemshika mwanangu kichwa. Nisomee pale, kisha nimpelekee uji."

"Leo sisomi, mama Heche. Yale maneno niliyatunga."

"Yapi?"

"Yote ya pale."

Alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Nikamwambia. Nilimwambia majani, mvua, risasi ya tumboni, na mkono wa nani. Nilisema mpaka mwisho, bila kupamba, na ndiyo insha ngumu kuliko zote nilizotunga, kwa kuwa haikuwa na neno langu.

Agustina alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akasahau kuitua.

"Nani alisema nisilie?" Bhoke aliuliza.

"Mimi."

"Siku barua ya serikali ilipokuja nililia kidogo tu, nikangoja mwili. Mwili haukuja. Kisha kikaja kitabu, na ndani yake mwanangu ananiambia nisilie. Nikamtii. Nilijifunga khanga tumboni, Mwalimu, nikamtii mwanangu miaka yote hii." Alisimama. "Kumbe nilikuwa nakutii wewe."

Alikiweka kitabu kitandani, juu ya miguu yangu iliyovimba.

"Na Kisyeri?" nilimwuliza. "Watamchukua Jumatatu ya tarehe 20."

"Usiniambie habari za Jumatatu."

Tangu adhuhuri tunamsikia akilia ng'ambo ya kilima. Analia kama msiba wa jana. Wanawake wamekwenda kwake, wakidhani amefiwa upya. Na kweli amefiwa.

14 Aprili

Bado analia. Mvua.

15 Aprili

Amenyamaza. Hakuna habari kutoka kwake. Ghati anapita mlangoni pangu bila salamu. Agustina amemweleza yote. Anayo haki.

16 Aprili

Padri amesikia habari za kondoo. Alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, na kuketi pembeni yangu kama mwana. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali.

"Wewe ndiye uliyeijenga parokia hii," alisema. "Wakristo wote watakutazama. Mwalimu, ukienda kwenye tambiko lile, sitaweza kukuletea Komunyo. Na hali yako tunaiona wote."

"Hata nikiwa nakwenda kwa ajili ya mgonjwa?"

"Kwa mgonjwa kuna daktari, na kuna mimi."

"Mlimwona lini?"

Aliinamisha kichwa. Aliponibariki, mkono wake ulikuwa wa baridi.

17 Aprili

Bhoke ametuma neno kwa Mseti, neno moja: Kesho.

18 Aprili, Jumamosi

Walinibeba kwa kitanda cha kamba. Agustina alishika mguu wa mbele akiwaambia wenzake, "Polepole, huyu akitufia njiani itabidi tumzike mara mbili." Manyunyu yalikuwa yakianguka. Wazee walikuwa wamezunguka zizi. Kisyeri amekonda kwa juma hilo moja, kamba zimemchubua viwiko. Ghati alisimama mbali, Veronika mgongoni.

Bhoke alifika wa mwisho. Alivaa nguo ya misa. Jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Mfungueni."

Jumbe akasita. "Mama, huyu ni hatari."

"Kwangu ameshafanya alichofanya. Mfungueni."

Walimfungua. Mseti akamwambia aseme. Kisyeri alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Alisema jina la mahali, akakwama hapo. Wazee walianza kutazamana, na kondoo alikuwa akihangaika mikononi mwa aliyemshika. Nilidhani yamekwisha, kwamba Jumatatu watamchukua nami nitakuwa nimemvunja mama wa watu bure.

Bhoke akaketi chini matopeni, mbele yake kabisa, magoti yakigusana.

"Alikuwa na njaa?" aliuliza.

Kisyeri alishangaa. "Asubuhi tuligawana biskuti kavu. Yake alinipa nusu."

"Kwa nini akupe?"

"Alisema jino linamuuma."

"Jino la huku nyuma," Bhoke alisema. "Lilimsumbua tangu utoto. Alipigwa wapi?"

"Tumboni. Hapa."

"Aliniita?"

"Alikuita."

"Mara nyingi?"

"Mpaka…" Hakumaliza.

"Aliniitaje? Nataka kusikia. Niite alivyoniita."

Kisyeri akatikisa kichwa. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, akajiziba mdomo. Sote tuliona, na nadhani ndipo kila mmoja pale, hata jumbe, alipoelewa ugonjwa wa mtu huyu. Bhoke aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Aliuvuta chini polepole, kwa nguvu, kama anavyoshusha mtu tawi lenye matunda, akaubana mapajani mwake.

"Ita."

Aliita. Nilitegemea ukelele. Ilikuwa sauti ya kijana, ndefu, ile ya kuita jikoni kutoka zizini jua linapochwa, ya mtoto anayejua kabisa kuwa mama yupo. Aliita, akavuta pumzi, akaita tena. Hakuna aliyemzuia. Iligonga mawe ya kilima na kurudi.

Na Bhoke akaitika. Aliitika kama wanavyoitika mama zetu wote, neno fupi la Kikurya ambalo sitaliandika, kwa sababu nimeshamwandikia maneno ya kutosha mwanamke huyu.

Kilio kingine kikasikika nyuma yetu. Alikuwa Veronika, mgongoni kwa mama yake, analia kwa sauti. Ghati akaanza kucheka na kulia pamoja, akisema, "Lia, mama, lia."

Kondoo alichinjwa. Mseti alimpaka Kisyeri majani ya tumboni kuanzia viganja hadi mabegani, kisha mdomoni mwake. Bhoke akakata ini, akala, akampa. Alikuwa akitafuna kwa shida na hakumtazama. Kusamehe sijui kama amesamehe. Sikumwuliza, wala sitamtungia.

Kisha Mseti akanigeukia. "Na huyu. Huyu naye amemziba mtu mdomo."

Agustina aliniangalia. Anajua Padri alisema nini. Nilinyoosha mikono.

Majani yale ni ya moto kuliko nilivyodhani, na yana harufu ya shamba baada ya mvua.

20 Aprili

Askari wa boma walikuja. Jumbe aliwaambia mgonjwa amepata nafuu na anapalilia. Walikula kuku, wakarudi.

25 Aprili

Mbaya. Pumzi.

3 Mei

Naandika kwa vipande, kibao kimeegemezwa kwenye magoti.

Kisyeri amemtolea Bhoke ng'ombe wa mahari, ili Bhoke aoe msichana kwa jina la Heche, kama mila inavyomruhusu mama asiye na mwana, na watoto watakaozaliwa waitwe wa Heche. Bhoke amepokea ng'ombe. Kwangu haji tena. Jumapili inapita.

Ile sura ambayo Padri aliitaka nimeiandika. Wambura anarudi nyumbani, analala na ng'ombe, anaogopa radi. Nimeituma kwa posta. Hawataichapa, nadhani. Ukurasa wa kifo utabaki ulivyo, na watoto wa mbali watausoma wamesimama.

Jana mchana ilinyesha mvua kubwa, na radi. Nilimtuma Agustina akaulize. Ghati amesema Kisyeri alitoka mbio, akaingia chini ya kihenge kama siku zote. Hajapona. Lakini safari hii alipofika mle alimwita mkewe kwa jina, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kijito, na Ghati akaacha kazi yake, akaenda, akakaa naye matopeni mpaka ikapita.

Leo asubuhi nimemtuma Agustina kwa Padri, amwambie kwamba ninamwita. Njia ina utelezi. Bado hajarudi.